Simu ilale sebuleni

Pole sana, dada. Umesema mwanao wa kidato cha pili ameporomoka darasani tangu apate simu, na ukimnyang'anya nyumba inawaka moto.

Mimi ningeanza na usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku. Binti yangu alikuwa akijifunika shuka gubigubi, mwanga wa skrini ukipenya kitambaani. Kesho yake anasinzia juu ya daftari, kalamu imechora mstari hadi ukingoni. Tukakubaliana simu zote, hata yangu, zichajiwe sebuleni kuanzia saa 3 usiku. Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Usilegee. Mnunulie saa ya kengele, maana "naitumia kuamkia" ndicho kisingizio cha kwanza.

Akisoma, simu ikae chumba kingine. Makundi ya masomo mwachie, ayapitie akimaliza. Usimfutie akaunti kwa siri; atafungua nyingine usiyoijua.

Ila ukiona amejitenga, hataki kula, anashtuka kila ujumbe ukiingia, huenda anaonewa mtandaoni. Hapo usisubiri matokeo ya mtihani, muone mwalimu wa ushauri nasaha. Akitaja kujidhuru, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.