Muulize Fundi: Otomatiki imechoka, nifunge manyuali?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari dogo la mwaka 1997, linasukumwa na tairi za nyuma, giaboksi yake ni ya otomatiki. Siku hizi nikiweka D asubuhi linakaa sekunde 3 au 4 ndipo lishike, na mlimani injini inavuma lakini gari haliendi. Fundi mmoja kaniambia ning'oe nifunge manyuali, kazi ya siku 2. Inawezekana? Na je, nitapunguza mafuta?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inawezekana, nimeifanya mara 4. Kwa siku 2 sijawahi. Ya haraka kuliko zote ilikula siku 6, na hapo nilikuwa na gari la pili la aina ileile pembeni, nalichinja, yaani nalifungua nichukue spea zake.

Kwanza pima oili ya giaboksi. Kwa magari mengi unapima injini ikiwa ya moto na inaunguruma, gia ikiwa P (ya kuegesha), lakini soma kitabu cha gari lako. Futa stiki kwa kitambaa cheupe. Oili ikiwa bado nyekundu lakini imeshuka, huenda ugonjwa wako ni huo tu: tafuta inapovuja, jaza oili ileile inayotajwa kitabuni, ujaribu tena. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, basi ndani kumeisha, tuendelee kuzungumza.

Giaboksi yenyewe ni kufungua bolti na kufunga bolti. Kinachokula siku ni vidude. Nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini, kuna tundu. Kwenye manyuali ya tairi za nyuma, mara nyingi humo hukaa beringi ndogo, ukiifumba mkononi haionekani, na ncha ya shafti ya giaboksi huegemea hapo. Otomatiki haiihitaji, kwa hiyo utakuta tundu tupu. Kwenye gari la pili kati ya yale 4 niliisahau. Nimefunga kila kitu, nimeshusha gari, nakanyaga klachi, gia zinaingia kwa kukwaruza na chini kunalia kama mashine ya kusaga. Nikashusha giaboksi upya, peke yangu, oili ikinidondokea shingoni. Na kuna injini za otomatiki ambazo tundu hilo halikuchongwa kwa kipimo cha beringi, kwa hiyo pima kabla hujanunua chochote.

Bolti nazo! Sahani ya otomatiki inayofungwa nyuma ya krenki ni nyembamba, flaiwili ya klachi inayokaa mahali pake ni nene. Ukitumia bolti zilezile za zamani unaweza kukuta zinashika nyuzi chache tu. Chukua za flaiwili.

Halafu kuna pedeli 3 badala ya 2, yaani kulala chali chini ya dashibodi miguu ikiwa juu ya kiti, unatafuta nati usiyoiona. Kuna masta silinda ya klachi (pampu ndogo inayosukumwa na pedeli) na paipu yake, mkono wa gia, mounti za kushikilia giaboksi, na propela shafti ya kupeleka nguvu tairi za nyuma, ambayo huenda urefu wake ukawa tofauti. Ndiyo maana nasema tafuta gari zima la kuchinja, lenye injini kama yako. Spea za kuokota moja hapa, moja kule zitakumaliza.

Umeme usiupuuze. Stata ya otomatiki haizunguki mpaka gia iwe P au N (huru); kuna swichi kwenye giaboksi inayoizuia. Ukitoa giaboksi, waya za swichi ile zinabaki hewani na gari haliwaki. Wengi huziunga tu. Mimi pia niliziunga, kijana wangu akageuza ufunguo gari likiwa gia ya kwanza, likaruka likabomoa meza yangu ya vyuma. Dakika moja kabla nilikuwa nimesimama palepale. Siku hizi nazipitisha kwenye swichi ya pedeli ya klachi: hujakanyaga, haliwaki. Kama kompyuta ya injini ndiyo inayoendesha na giaboksi, tafuta na kompyuta ya manyuali, la sivyo taa ya injini haitazimika.

Mafuta utapunguza kidogo, hasa ukiwa mwangalifu wa gia. Kwa sababu hiyo peke yake nisingegusa spana. Gari la kuchinja lisipopatikana, funga otomatiki nyingine iliyo nzima, ni kazi fupi zaidi.

Na huyo fundi wa siku 2, muulize ile beringi ya krenki ataitoa wapi, kabla hujamwachia ufunguo.