Laptopu ya kuvuka nayo Mokowe

Dadangu, umesema unavuka Amu hadi Mokowe kila siku kwa boti, kazi yako ni ripoti na majedwali, na mkoba umeshakuchosha bega. Basi achana na kioo kikubwa. Inchi 12 au 13 zatosha, uzito usizidi kilo 1.3. Ila ipime pamoja na chaja yake, maana kuna mashine nyepesi zenye chaja kama tofali.

Mimi ningechagua inayochajiwa kwa Type-C, lile tundu dogo la mviringo kama la simu nyingi za sasa. Chaja moja ya wati 65 italisha laptopu na simu pia.

Mtumba si aibu. Laptopu ya Lenovo ThinkPad X280 ya 2018, kwa mfano, ina kilo 1.1 hivi. Lakini RAM yake, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuongeza baadaye, kwa hiyo chukua yenye GB 8 tangu mwanzo. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka. Zile laptopu mpya za bei chee zenye diski ya GB 64, masasisho ya Windows peke yake huzijaza.

Dukani, ifunge uiweke juu ya meza tambarare. Ikiyumba, shuku betri iliyovimba. Kisha mulika tundu la chaja kwa tochi ya simu: ukiona ukungu wa kijani, chumvi imeshaingia, irudishe. Yangu ya kwanza ilikufa hivyo, niliizoeza kukaa dirishani msimu wa kusi. Ya sasa hupanda boti ndani ya mfuko usiopitisha maji, mdomo umekunjwa mara tatu, na manahodha hunicheka.