Jibu: Kuongoza vijana wanaokuzidi teknolojia

Mkuu, umeuliza utaongozaje kitengo ambacho vijana wote wanakuzidi kwenye mifumo mipya. Hilo la kukuzidi lisikunyime usingizi. Unachohitaji zaidi ni jicho la kuona watumiaji wanafanya nini hasa, na ubavu wa kubadili mpango.

Chukua M-Pesa. Majaribio ya 2005 kule Kenya, Vodafone na Safaricom wakishirikiana na Faulu, taasisi ya mikopo midogo, yalilenga wakopaji wapokee mikopo na walipe marejesho kwa simu. Basi. Ila watu wakaanza kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe. Meneja mwingine angesema wanatumia vibaya, akawafungia (wapo maofisini, tunawajua). Vodafone na Safaricom waligeuza lengo, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kama ya kutuma pesa.

Kwa hiyo usianze na semina. Kaa kaunta na mhudumu nusu siku, uone ni wapi anauacha mfumo na kurudi kwenye daftari. Muulize kwa nini, bila kumkaripia. Ukimkaripia, kesho atalificha daftari, nawe utabaki na ripoti tamu za uongo.