Jaketi jipya la elfu sitini lenye tagi: geuza ndani nje kwanza

Mkuu umeuliza kuhusu jaketi uliloliona Moshi mjini, jipya, tagi zinaning'inia, nembo ya The North Face kifuani na ya Gore-Tex, kile kitambaa kisichopitisha mvua, kwenye mkono, muuzaji anataka elfu sitini, ni orijino au feki. Ni feki, na hata sijaliona. Jaketi jipya la Gore-Tex Marekani linauzwa mamia ya dola, sasa nani alisafirishe mpaka huku aje alitundike mlangoni kwa elfu sitini? Lingekuwa la mtumba limetoka kwenye belo pale soko la mitumba la Memorial hapo tungebishana, maana mzungu akilichoka analigawa na huku linatufikia kwa bei hiyo au chini yake. Kwa nguo za mlima mimi naamini mtumba uliochakaa kidogo kuliko kipya chenye tagi. Siyo kwamba belo hazina feki, wazungu nao wanapigwa tu, nimepandisha wageni waliovaa North Face za mtaa wa Thamel kule Kathmandu, zimejaa feki kila duka.

Naongoza wageni Kili na nguo zangu karibu zote ni za Memorial, kwa hiyo nakwambia ninavyofanya mwenyewe. Nembo naiangalia mwisho. Kwanza nageuza jaketi ndani nje natafuta mishono, kwa sababu sindano ikipita kwenye kitambaa inaacha tundu na maji yanapita hapohapo, ndo maana jaketi la Gore-Tex mishono yake yote imezibwa kwa utepe kwa ndani, mabegani, kwapani, kwenye kofia, kote. Ukikuta uzi uko wazi halafu mkononi imeandikwa Gore-Tex hapo mjadala umeisha, rudisha kwenye henga. Likiwa na bitana papasa kwa vidole juu ya mshono, utepe unausikia. Siku hizi na watengeneza feki wanaweka utepe ila uvivu unawaumbua, umekunjamana, unabanduka pembeni, au wameweka mabegani tu kwapani hamna kitu.

Kile kipimo cha kumwaga maji yakateleza achana nacho kabisa. Feki mpya maji yanateleza vizuri tu, na orijino ya zamani maji yanaingia kitambaa cha juu kwa sababu dawa yake ya kutelezesha maji imeisha lakini ndani unabaki mkavu, ukiifua ikatakata ukaipitisha moto kidogo mara nyingi inarudi. Halafu feki nyingi ndani ni plastiki, maji hayapiti kweli, ila na jasho halitoki! Gore-Tex ina utando mwembamba wenye vitundu vidogo sana, tone la mvua halipenyi lakini mvuke wa jasho unapita. Sasa panda msitu wa Machame na hiyo plastiki yako, unafika kambini mvua haijakugusa na umelowa chapachapa, na usiku kwenye kambi ya Barafu kule juu ya mita 4,600 jasho hilo ndo litakutetemesha mpaka asubuhi.

Watu wanasema ukiona Made in Vietnam au China ujue feki, hapana, hizo kampuni kubwa zenyewe zinashonesha huko Asia. Zipu yenye jina la kampuni ya zipu YKK nayo haithibitishi kitu, hilo neno lolote anaweza kuligonga kwenye chuma. Angalia kama zipu inateleza bila kukwama, na kwenye nembo ya North Face tazama herufi moja moja, feki nyuzi zinaruka kutoka herufi hii kwenda ile na ile mistari mitatu iliyopinda imenenepeana. Kwa jaketi za kampuni ya Patagonia tafuta kale kalebo kadogo ndani kenye namba ya toleo, iandike Google, ikikuletea suruali wakati umeshika jaketi unajua la kufanya.

Kitu ambacho wengi hawaulizi, orijino iliyokufa. Hii inawapiga wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wengi kuliko feki. Jaketi ni halali kabisa, nembo safi, ila limezeeka, ndani linapukutika unga mweupe au utando umevimba mapovu na utepe ukiuvuta kidogo unakuja wote. Hilo halizuii mvua tena na hakuna fundi wa kulirudisha, hata ukipewa kwa elfu kumi unanunua jina. Sugua ndani kwa kiganja kabla ya kutoa hela, hasa shingoni na mabegani ambapo begi linakaa.

Kama wewe ni mgumu ndo unaanza na hela haijakaa vizuri usinunue chochote kwanza, nenda KPAP, shirika la kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, hapohapo Moshi wanaazima wapagazi nguo za mlima bure, unapanda nazo unarudisha. Na kama hilo jaketi ni la kuvaa tu baridi ya Arusha mwezi wa saba, chukua, plastiki inazuia upepo vizuri, ila elfu sitini usitoe, anzia ishirini na usivuke thelathini.