Uvimbe kwenye ateri ya bandama

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 34 na watoto watatu. Nilipigwa ultrasaundi kutafuta mawe kwenye nyongo. Mawe hayakuonekana, ila ripoti inasema ateri ya bandama imevimba, sentimita 1.8. Siumwi popote. Tunataka mtoto wa nne. Je, nisubiri? Na bandama litatolewa?
Mama Watatu, Mwanza

JIBU: Marahaba. Usibebe mimba kwanza, mama. Tumia uzazi wa mpango hadi uvimbe huo ushughulikiwe.

Ateri hiyo, yaani mshipa unaopeleka damu kwenye bandama, huanzia kwenye shina fupi litokalo aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni), hujipindapinda kama nyoka juu ya kongosho, ikafika bandama chini ya mbavu za kushoto. Upana wake wa kawaida ni kama milimita 5. Yako imetuna hadi 18. Hutokea zaidi kwa wanawake, hasa waliozaa mara kadhaa: homoni za ujauzito hulegeza ukuta wa mshipa huku damu mwilini ikiongezeka.

Mzee wa miaka 60 asiye na dalili tungemfuatilia tu kwa vipimo. Kwako hapana. Uvimbe ukipasuka mimba ikiwa kubwa, mara nyingi mama na mtoto hupotea wote. Tena hudanganya: damu ya kwanza hunaswa katika uwazi ulio nyuma ya tumbo la chakula, presha hurudi, mgonjwa huonekana amepata nafuu, kisha damu hufurika na anazimia. Maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kushoto, yakipanda begani, usingoje kukuche.

Bandama si lazima litolewe. Omba kipimo cha CT chenye dawa ya kuonyesha mishipa. Uvimbe ukiwa katikati ya ateri, mpira mwembamba hupitishwa kinenani na koili za metali (vijiwaya vilivyojikunja vya kuziba mshipa) huwekwa pande zote mbili za uvimbe. Kuziba upande mmoja hakutoshi, damu itaingilia upande wa pili. Bandama huendelea kulishwa na ateri fupi zitokazo kwenye tumbo la chakula, ingawa sehemu yake huweza kufa, ukapata homa na maumivu siku kadhaa. Uvimbe ukiwa pale ateri inapoingia kwenye bandama, huenda likatolewa. Hapo chanjo za numokoka, meningokoka na Hib, bakteria ambao bandama husaidia kuwazuia, zitangulie wiki 2 kabla.

Waombe wapime na ini. Kichocho cha matumbo, ambacho huko ziwani si kigeni, hulijaza ini makovu; damu ikikosa njia bandama hukua na ateri yake hutanuka. Mayai yasipoonekana kwenye choo, msiishie hapo: makovu huonekana kwa ultrasaundi.