Osiloskopu ya mtumba inachemka, nianzie wapi?

SWALI: Fundi shikamoo. Nimenunua Tektronix 2465 ya mtumba, ile osiloskopu ya kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, nikiwasha iko fresh kabisa, ila ikifika kama dakika 20 mstari kwenye kioo unaanza kusinyaa kulia na kushoto, na boksi limechemka balaa. Nimefungua mfuniko ipoe, naona ndo inazidi. Nibadilishe kapasita zote?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kapasita ziache kwanza, na huo mfuniko urudishe leo hii. Hizo mashine feni inapitisha hewa ndani ya boksi likiwa limefungwa, ukitoa mfuniko hewa inakimbilia njia fupi na chipu za katikati zinabaki zinajichemkia zenyewe, ndo maana umeona inazidi.

Ukishafunga weka kiganja nyuma kwenye feni. Hewa inatakiwa isikike vizuri mkononi, ikiwa inapumua kinyonge, zima mashine, chomoa, zungusha pangaboi kwa kidole, likikwama au likisimama papo hapo shafti imekauka, na ukute vumbi la miaka limeganda kama blanketi. Feni tu inaponya mashine nyingi sana jamani, watu wanakimbilia pasi ya kulehemu bure.

Feni ikiwa nzima, mimi namtazama U800. Hiyo ndo chipu inayosukuma mstari kulia na kushoto kwenye 2445 na 2465, inajulikana kwa joto, na dalili yako inamwelekea yeye. Angalia kama nati zinazoishikilia hazijalegea, zikilegea joto halishuki kwenye ubao, kaza taratibu usije ukapasua. Halafu chukua waya wa kupimia joto ule wa multimita, ubane juu ya chipu kwa tepu inayovumilia moto, upitishe nje, FUNGA BOKSI, andika namba kila dakika 5. Mstari ukianza kusinyaa fungua haraka, piga spreyi ya baridi kwenye hiyo chipu peke yake, mstari ukirudi umempata. Gundi ya kupitisha joto na kihitisinki kidogo (kipande cha chuma cha kupoza) juu yake vinamwongezea maisha, ila kama ameshaanza kufa havimfufui.

Spreyi isipobadilisha kitu ndo uende kwenye saplai, sehemu inayogawa umeme ndani ya mashine, upime mawimbi kwenye kila laini ya DC (umeme ulionyooka), kapasita iliyochoka inajionyesha hapo. Zile kapasita za manjano zinazoonyesha ndani, upande wa umeme mkubwa, zikiwa na nyufa toa tu weka mpya za X2 (aina ya kapasita za kukaa kwenye umeme wa ukutani), hizo zinafuka moshi bila kuaga.

Na tafadhali sana, kwenye umeme wa 230 kapasita kubwa za saplai zinabeba kama volti 320 hata ukishachomoa waya. Subiri, pima, ndo uguse. Kwenye nyaya za kioo kuna kilovolti, huko usipeleke mkono kabisa.

Nitumie namba za dakika ya 5, 10, 15 na 20, na joto la chumba pia usisahau.