Ila ya mbao itaje mwenyewe

Kijana mmoja, fundi mwenzangu wa huku Lamu, ameniandikia usiku wa manane. Kasha lake limefika Nairobi, kifuniko kimepasuka, mnunuzi anadai pesa zake. "Kaka, nimjibuje?"

Kidonda hicho nakijua. Miaka ya nyuma dalali alichukua kasha langu la mbambakofi hapa Langoni. Lilikuwa na fundo upande wa nyuma, na fundo lile nilimwonyesha kwa kidole. Yeye akaenda kuliuza kama kitu kisicho na doa. Mnunuzi alipoligeuza akaliona, ikawa fundi wa Lamu ni mwongo. Fundi, si dalali! Jina langu likazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya watu nisiowajua hata kwa sura. Mpaka leo bwana huyo akinitolea salamu barazani, naitikia kwa kuwa dini yanilazimu.

Tangu hapo ila, yaani kasoro, ya kazi yangu naitaja mwenyewe, mapema, kwa picha. Nawe unayetaka wateja wa mbali (na nani hawataki?) fanya hivyo hivyo.

Lakini ujue unataja nini. Mbao ikikauka chini ya asilimia 30 hivi ya unyevu huanza kusinyaa, na kwa kufuata mzunguko wa pete za mti husinyaa karibu maradufu ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda kwenye gome. Ndipo ubao mpana unapopinda au kupasuka. Huku kwetu hewa ya bahari ina unyevu. Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ni kukavu zaidi, na nyumba za Ulaya zikiwashwa hita wakati wa baridi ndiyo usiseme. Kijana, kama kifuniko ulikigongelea misumari pande zote, ubao ulikosa pa kusogea. Omba picha ya ufa na rula kando yake, ujitolee kuuziba kwa mbao ile ile, gharama juu yako.

Fundo lililoshikamana na mbao ni alama ya tawi tu. Lililolegea litakuja kutoka. Tundu linalomwaga unga huenda mdudu bado yumo ndani. Hapo usimwimbie mteja habari za uzuri wa asili, rudisha ubao ulikoutoa.

Mwezi uliopita nimeuza mlango wa nakshi wenye fundo kwenye mfaa (ule ubao wa wima wa katikati ya mlango), tena kwa bei niliyoitaja mimi. Picha ya kwanza niliyotuma ilikuwa ya fundo, na patasi kando ili ukubwa uonekane. Nakshi ikafuata. Mteja akajibu kwamba fundo lisiguswe. Wale waliosema najiharibia soko, sasa wananiuliza napiga picha kwa simu gani.

Na msinione najitapa. Mtume (S.A.W.) alitia mkono kwenye lundo la chakula sokoni, akakuta ndani mmelowa, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuweka kilicholowa juu watu wakakiona. Katika fikihi, aliyefichwa aibu ya bidhaa ana hiari ya kuirudisha. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, nayo haiko mbali: mnunuzi aliyekagua kitu hawezi kulalamikia ubora kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ungeifichua. Basi mkaguze mteja! Aliye mbali atakagua kwa macho yako, kwa hiyo picha ziwe nyingi na ila itajwe. Narudia: itajwe.

Nyinyi vijana mnajaza nyufa kwa gundi na vumbi la msasa, kisha mnapaka rangi ya viatu kiti kionekane cha zamani. Siku mzee atakapokikalia na kanzu nyeupe ya Ijumaa, mimi sitakuwapo kuwatetea.